Pesa Nilizoilindia Benki

Mama Munyi aliniambia Jumatano kwamba anarudi kwao Embu kabla ya Krismasi, na kwamba ile mashine yake ya kufuma sweta haendi nayo.

"Mgongo umekataa," alisema. "Nataka elfu ishirini na nane. Ningekupunguzia, Mama Karimi, lakini kule nyumbani kuna fundi wa paa ananingoja na mdomo wazi. Na kuna mwalimu mmoja wa Kiirua anakuja kuiona Jumamosi saa sita. Atakayeweka pesa mezani kwanza, mashine ni yake. Sitaki maneno na mtu."

Miaka sita nilikuwa nimefuma kwa mashine hiyo, nyumbani kwake hapa Kinoru, nyuma ya uwanja wa mpira. Kila sweta niliyomaliza nilimwachia shilingi ishirini. Wakati huo nilikuwa na shule tatu, na mwezi wa kwanza shule zikifunguliwa ndio mavuno yangu. Kwa mashine nafuma sweta tatu kwa siku. Kwa sindano za mkono, sweta moja inanichukua siku nne, na bega linalia. Kwa hivyo mashine ikienda Kiirua, mimi nimekwisha.

Nilienda nyumbani nikawasha kompyuta. Ikaniambia kwamba katika benki nina shilingi elfu nane mia saba na thelathini. Nilijua itasema hivyo. Nilikuwa nimeiuliza asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Kompyuta hiyo aliniletea binti yangu Karimi, anayefanya kazi ofisini Embu na amepanga chumba huko huko, mtaa unaoitwa Dallas. Ofisi yao iliponunua kompyuta mpya, za zamani ziliuzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Ndani yake alitia programu ya kuweka mahesabu ya nyumbani. Ilikuwa toleo la pili la programu hiyo, na sisi tukaiita Namba Mbili. Karimi alinifundisha siku mbili, akaniachia sheria moja.

"Mami, kila shilingi ikitoka, iandike. Hata ya chumvi."

Nami niliandika. Ya chumvi, ya sabuni, ya uzi, ya kiberiti. Miaka mitatu hakuna shilingi iliyotoka kwangu bila kupitia Namba Mbili.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata Karimi. Kitabu cha benki kilikuwa na pesa nyingi kuliko Namba Mbili. Mwaka wa kwanza zilizidi kwa elfu tatu na kitu. Nilihesabu mara nne. Namba Mbili niliijua, kila mstari niliuandika kwa vidole hivi viwili. Benki sikuijua. Nikaona basi ni benki iliyokosea, kuna maskini ya Mungu mahali ambaye pesa zake zinaingia kwangu.

Nilienda kusema. Kwenye dirisha alikuwa keshia mmoja anaitwa Mutegi, kijana mwenye tai nyekundu.

"Kijana, mmenizidishia pesa," nikamwambia.

Akaangalia, akaangalia tena. "Mama, hizi zote ni zako."

"Si zangu."

"Ni zako, mama. Jina ni lako, namba ni yako."

"Hivyo ndivyo majaribu huongea," nikamwambia, "kwa sauti laini, na tai shingoni."

Foleni nzima ilicheka. Nilitoka na kichwa juu. Tangu siku ile nikawa nailindia benki pesa zake. Sikuzigusa. Pesa ya mtu haiwi yako kwa sababu imelala kitandani mwako. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka kitabu kikaandikwe, nikaona zimeongezeka, nikamwombea mwenyewe popote alipo. Kufikia mwezi huo wa kumi na mbili, mwaka wa tisini na nane, zilikuwa zimefika elfu ishirini na mbili mia tatu na hamsini.

Alhamisi nilijaribiwa, sitaficha. Nilijiambia kwamba mwenyewe hajaonekana miaka mitatu, na pesa zake nitazirudisha mwezi wa pili tu. Niliona haya, nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharagwe ambayo hayakuwa na magugu.

Ijumaa jioni Karimi akaja kutoka Embu na sanduku chini ya kwapa.

"Mami, nimekuletea Namba Tano!"

"Tatu na nne zimekufa?"

"Tumeziruka. Hii Namba Mbili haijui kuhesabu miaka. Mwaka wa elfu mbili ukifika, itafikiri tumerudi elfu moja mia tisa."

Nilifikiri kidogo. "Mwaka huo hata nyanya yako hakuwa amezaliwa."

"Ndiyo! Na itasema tayari una deni la uzi."

Nilimweleza habari ya mashine. Alihesabu mshahara wake kwa vidole, akafika kwenye kidole cha tatu akakunja mkono. "Nina elfu mbili, mami." Nikamwambia azirudishe kwenye mkoba, Embu ni mbali na nauli haisubiri.

Jumamosi asubuhi tukaanza kazi saa mbili na nusu. Niliona heri nishughulike kuliko kukaa nikisikiliza saa ya ukutani ikimletea mwalimu wa Kiirua mashine yangu.

Namba Tano ilikuwa ndani ya diski saba. Karimi anatia moja, kompyuta inakoroma kama mzee aliyekula njahi nyingi, yale maharagwe meusi, halafu inaitisha nyingine. Ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili, vizuri. Ya tatu, vizuri. Ya nne ikakataa.

Karimi akaitoa akaipuliza. Ikakataa. Akaipangusa kwa kanga yangu. Ikakataa.

"Ipe mimi," nikasema.

"Mami, utaifanya nini?"

"Nitaitia tu. Wewe unaitia kama mtu anayemfungia mbuzi mlango."

Niliitia polepole, na ombi fupi nikaliweka. Kompyuta ikakoroma. Karimi akanitazama, akaanza kucheka, nami nikacheka, na kutoka hapo sijui tulishikwa na nini, kila diski iliyoingia tuliipigia makofi. Diski ya saba ilipomaliza, mstari wa buluu ukasonga hadi asilimia tisini na tisa, ukasimama. Tukasimama nao. Tulikuwa tumeshikana mikono kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Ukasonga.

Namba Mbili ilikuwa ya kijivu kama slate ya shule. Namba Tano ilitoka na rangi zote za duka la vitenge. Palikuwa na picha ya nyumba, picha ya gari, na katikati nguruwe mnene mwenye ufa mgongoni.

"Huyu ametoka wapi?"

"Wazungu huweka sarafu ndani yake."

"Ndani ya nguruwe? Si wangetumia mbuzi, angalau azae."

Karimi alilala juu ya meza kwa kicheko. Alipopata pumzi akaiambia Namba Tano ifungue kitabu cha Namba Mbili. Ikameza miaka mitatu yangu yote kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Kisha ikatoa maneno mengi ya Kiingereza ndani ya kisanduku cha manjano.

"Inasema nini?"

"Inasema..." Karimi akasogea karibu na kioo. "Inasema imeona mistari inayofanana. Jina moja, pesa zile zile. Jozi arobaini na moja. Inauliza kama mmoja wa kila jozi uliandikwa kwa makosa, iuondoe."

"Iambie hapana. Mimi sikosei kuandika."

"Ngoja tuone, mami. Hii hapa. Mwezi wa tatu, 'paa la kanisa', mia tano. Na hii, mwezi wa nne, 'paa la kanisa', mia tano. Ulitoa mara mbili?"

"Nilitoa mara moja."

"Na hii nyingine ni ya nini?"

"Ni ya siku niliyoahidi."

Karimi akageuka na kiti chote. "Siku uliyoahidi?"

"Ndiyo. Nilisimama mbele ya watu nikasema mia tano. Nilipofika nyumbani nikaandika. Pesa ukishamwahidi Mungu imetoka, Karimi. Si yako tena. Ukiiacha kwenye kitabu, utaiona, na ukiiona utaitamani."

"Sawa. Halafu mwezi wa nne?"

"Mwezi wa nne nilienda benki nikaitoa, nikaipeleka. Nikaandika."

"Kwa nini tena?"

"Si wewe uliniambia! Kila shilingi ikitoka, iandike."

Karimi aliweka mkono mdomoni. Kisha akaanza kuteremka na ile orodha. Viti vya watoto wa kanisa, elfu moja mia mbili, mara mbili. Harambee ya zahanati, elfu moja, mara mbili. Shukrani ya mvua, mia tatu, mara mbili. Shukrani ya Karimi kupandishwa cheo, elfu mbili, mara mbili.

"Hata mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Hata mimi nimeandikwa mara mbili."

"Wewe ulistahili."

"Mami, pesa imetoka benki mara moja tu. Lakini wewe umeitoa kwenye kitabu mara mbili. Miaka mitatu! Unaelewa maana yake?"

Nilikuwa nimeanza kuelewa, nikajikuta nimeketi juu ya debe la unga bila kukusudia.

"Bonyeza," nikasema.

"Unakubali iondoe?"

"Iondoe ile ya ahadi, iache ile ya kutoa. Bonyeza, mtoto."

Akabonyeza. Ile elfu nane mia saba na thelathini ikapotea, na mahali pake pakaja namba nyingine.

Elfu thelathini na moja na themanini.

Nilienda chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa kitabu cha benki chini ya blanketi, nikarudi nikakiweka kando ya kioo cha kompyuta, shavu kwa shavu. Mstari wa mwisho, wa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Elfu thelathini na moja na themanini. Hakuna senti iliyozidi, hakuna iliyopungua.

"Mami? Kwani benki walikuwa wanasema hivyo tangu zamani?"

Hapo ilibidi niseme. Nilimweleza yote, kwamba nilikuwa nalinda, na kwamba kila mwisho wa mwezi nilikuwa namwombea mwenyewe. Karimi alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Ulikuwa unamwombea nini?"

"Apate kuzijua pesa zake."

Tulicheka hadi kuku wakatoka chini ya meza. Nilicheka kwa tumbo, kwa mabega, kwa machozi. Karimi alikuwa sakafuni akipiga mguu. Nilikuwa nimeombewa miaka mitatu na mimi mwenyewe, na nilikuwa nimejibiwa!

Mimi ndiye niliyeinua macho kwanza kuangalia saa. Saa nne na nusu.

"Karimi. Jumamosi benki inafungwa saa tano."

Alikuwa wima kabla sijamaliza. Nilichukua kitabu na kitambulisho, nikafunga kitambaa kichwani huku natembea. Kutoka kwetu hadi mjini ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye heshima zake. Siku hiyo sikuwa nazo. Nilivua viatu nikavishika mkononi. Karimi alikuwa na vile viatu vya ofisini vyenye kisigino, akavua pia, na watu wa Kinoru wakaona mama na binti wakikimbia miguu mitupu kando ya barabara, wakicheka.

"Mama Karimi, kuna nini?" akaita mwanamke mmoja akichuma sukuma wiki.

"Nimejilipa!" nikamwambia. Sikujua nisemeje kwa ufupi zaidi ya hapo.

Njiani likanijia jambo, nikapunguza mwendo. "Karimi, na fungu la kumi? Hizi elfu ishirini na mbili, nazo nizitolee?"

"Mami, pesa hizi zilitolewa fungu la kumi siku zilipoingia! Kimbia!"

Kweli. Nikakimbia.

Askari wa mlangoni alikuwa ameshika mlango tayari. "Mama, tumefunga."

Nilitazama saa kubwa nyuma ya mgongo wake. Nimeitazama saa hiyo miezi mingi, naijua. "Saa yenu inakimbia dakika mbili, na hata hivyo inasema bado dakika nne. Nipishe, mwanangu."

Akanipisha. Dirishani, Mutegi. Siku hiyo tai ilikuwa ya kijani. Aliponiona akaweka kalamu chini.

"Mama. Leo umekuja kuzirudisha?"

"Nimekuja kuzichukua. Elfu ishirini na nane."

"Zile ulizosema si zako?"

"Nilikosea. Mwenyewe ameonekana."

"Ni nani?"

"Ni mimi. Hesabu haraka, kijana, na nisamehe ile habari ya tai."

Alicheka hadi akakosa hesabu, akaanza upya. Noti ishirini na nane za elfu moja. Nilizihesabu mwenyewe pale dirishani, polepole, ingawa Karimi alikuwa akirukaruka nyuma yangu kama mtu anayekanyaga siafu. Nikazifunga kwenye leso, leso nikaitia kifuani.

Kurudi ni kupanda. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na pumzi ya hamsini na mbili. Tulipofika nyuma ya uwanja ilikuwa saa sita kasoro dakika chache, na nje ya mlango wa Mama Munyi palikuwa na baiskeli nisiyoijua, imefungwa mpira mrefu nyuma, mpira wa kubebea mzigo.

Amefika mapema. Moyo ulinishuka hadi kwenye matope ya miguu yangu.

Niliingia bila kubisha. Mashine ilikuwa pale pale karibu na dirisha. Juu ya meza palikuwa na sahani, na nyuma ya sahani mwalimu wa Kiirua, mwanamume mpole mwenye miwani, akila muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mdomo ulikuwa umejaa. Mama Munyi alikuwa amesimama juu yake na kijiko kikubwa.

"Ongeza kidogo, Mwalimu."

"Mmh, mama, nimeshiba. Hii ni ya tatu. Sasa tuongee ile habari ya..."

"Mgeni hatoki safari ndefu akaanza biashara na tumbo tupu. Si nyumbani kwangu. Kwetu Embu hiyo ni aibu." Akamwekea. Kisha akanitazama, akaona miguu yangu, akaona matope, akaona uso wangu. Alichukua tu kitambaa akapangusa meza upande usio na sahani, polepole, pakawa pasafi.

Nikafungua leso nikaweka pesa pale.

Mwalimu aliacha kutafuna. Alitazama noti, akanitazama mimi, akatazama kijiko cha Mama Munyi, kilichokuwa bado hewani. Mkono wake ukaenda mfukoni, lakini wenyewe uliona umechelewa.

"Atakayeweka mezani kwanza," Mama Munyi akasema. "Nilikuambia hata wewe, Mwalimu. Sitaki maneno na mtu."

"Lakini mimi nilifika saa tano!"

"Ulifika saa tano ukiwa na njaa. Ni kosa langu mimi?"

Mwalimu, Mungu ambariki, mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka na punje mbili za mahindi. Karimi alikuwa ameegemea mlango, hana nguvu tena. Mama Munyi alikuwa anahesabu noti kwa uso wa mtu asiyehusika.

"Mama Munyi," nikamnong'oneza, "ulikuwa unamchelewesha?"

"Mimi? Nilikuwa nakaribisha mgeni."

Nilienda dirishani nikaketi mbele ya mashine. Nikashika mpini, nikausukuma mara moja kwenda na mara moja kurudi, bila uzi, ili tu nisikie.

"Basi, mama," mwalimu akasema nyuma yangu, akipangusa miwani, "mashine umeninyang'anya. Na shuleni nina watoto tisini wanaohitaji sweta ya rangi ya maruni kabla ya tarehe kumi mwezi wa kwanza. Nitawaambia nini wazazi?"

Nikageuka na kiti chote.

"Shingo ya duara, Mwalimu, au ya kuchongoka?"